Gari Jeupe Langoni mwa Shule

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, sina wa kumsingizia, na nawasimulia nyinyi leo kwa sababu najua mtaisikia tu kwa watu wengine ikiwa imetiwa chumvi (tayari kuna mtu pale Kona ya Musa anayesema kuwa nililia; sikulia, lilikuwa ni jasho). Afadhali muisikie kwangu, mcheke mbele yangu, yaishe.

Mnajua kuwa mimi nimekuwa dereva maisha yangu yote. Nimebeba wageni wa hoteli za Diani, nimepeleka saruji Lunga Lunga enzi ambazo barabara ile ilikuwa mashimo matupu, na sijawahi kumkwaruza hata kuku. Nilipostaafu, kazi iliyobaki ni kumpeleka mjukuu wangu Tima shuleni asubuhi na kumrudisha mchana, kwa sababu mama yake anaingia kazini mapema. Kazi nyepesi, nilidhani.

Shule yenyewe iko Ukunda, ndani ya kichochoro cha changarawe ambacho upande mmoja kina ukuta na upande wa pili kina mtaro, na mwisho wake ndiyo geti, hakuna pa kutokea kwingine. Ukikiona mchana kimepoa unaweza kutandika mkeka ulale. Lakini asubuhi watoto wanapoletwa ni vurugu, kila mzazi anataka mwanawe ashukie mlangoni kabisa kana kwamba akitembea hatua kidogo miguu itayeyuka, tuktuk zinajipenyeza, bodaboda zinapita juu ya mtaro na watoto watatu kila moja, na mwenye gari kubwa analiweka katikati, anazima injini, anaingia ndani kuzungumza na mwalimu. Kuna uwanja mkubwa mtupu pale mwanzo wa kichochoro, mahali pazuri pa kuegesha, na hapana anayeutaka.

Muhula uliopita Tima alikuwa anapita nyuma ya gari moja lililokuwa linarudi kinyumenyume. Dereva hakumwona. Mimi nilimdaka kwa mkanda wa begi nikamvuta, tukaanguka wote wawili mtaroni, na yule dereva akaenda zake bila hata kujua. Tima alicheka, alifikiri ni mchezo. Mimi nilimshika mkono mpaka mlangoni mwa darasa lake.

Kwa hivyo kwenye mkutano wa wazazi nikasimama nikasema, na nilipoanza sikujua namna ya kunyamaza, nikaeleza udereva ni nini na adabu ni nini, mpaka mwalimu mkuu, Bi Riziki, mama mpole sana, akanishukuru na kuuliza kama mzee wetu angekubali kusimamia magari asubuhi. Watu wakapiga makofi (nadhani walipiga ili niketi). Nikapewa koti la kung'aa la rangi ya machungwa na firimbi.

Ndugu zangu, mtu asipewe firimbi uzeeni. Ile wiki ya kwanza nilikuwa naamka kabla ya adhana, napiga pasi lile koti, na nikifika pale getini najiona mkuu wa trafiki wa pwani nzima. Na kweli mambo yalitengenea, wengi walianza kutumia uwanja, na hata Katana, askari wa geti, alisema hajawahi kuona kichochoro kimetulia hivyo. Aliyekuwa hasikii ni mmoja tu, mwenye gari jeupe. Huyu alikuwa anafika mimi nikiwa nahangaika na tuktuk kule mbele, nikigeuka nalikuta limekaa mdomoni mwa geti na mwenyewe hayupo, na nikigeuka tena limekwenda. Sikuwahi kumwona uso. Nikaanza kumwota.

Basi siku ya mkasa, Jumanne, nimechelewa kidogo, nimekuja na kile kigari changu cha buluu mnachokijua, Tima amekwisha kuingia darasani, nageuka hivi naliona gari jeupe liko pale pale. Limeziba nusu ya geti. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu, na ulikuwa uamuzi mdogo sana. Nikaleta kigari changu nikakibana nyuma yake, bampa kwa bampa, nikavuta handbreki, nikashuka, nikafunga mlango kwa ule mkono wa mtu aliyeshinda, nikaenda kibandani kunywa chai. Nilitaka angojee kidogo tu, aonje.

Sikumaliza hata hamri la kwanza. Katana alikuja kuniita, akasema kuna mama anataka kutoka na ana haraka. Nikamwambia na angoje, mimi namalizia chai. Nikamalizia. Nikapangusa mdomo. Nikaenda polepole, firimbi shingoni.

Alikuwa mama wa makamo, amevaa buibui safi, amesimama kando ya mlango wa gari lake na wala hakuwa na shari. Alinisalimu kwanza. Kisha akasema, kwa adabu, "Samahani baba, nimeambiwa hili gari la nyuma ni lako. Nakuomba uniondolee, tunawahi hospitali."

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mngeondoa gari. Mimi nikaona watu wamekusanyika, wazazi, vijana wa bodaboda, mama wa mahamri ameacha karai lake amekuja kutazama, nikaona hii ndiyo nafasi ya kutoa funzo kwa kichochoro kizima. Nikamsomea yule mama. Nikamwambia kila asubuhi analeta gari lake hapa kama sebuleni kwake, nikamwambia kuhusu mtoto aliyeponea chupuchupu, nikamwambia watu wa namna yake ndio wanaoua watoto wa wenzao halafu wanakwenda kuwapa pole matangani. Sauti yangu mnaijua. Wakati wa hoteli nilikuwa naita wageni kutoka upande wa pili wa uwanja wa ndege bila kipaza sauti.

Yule mama alijaribu kusema kitu, nikampigia firimbi. (Ndiyo. Nilimpigia mtu mzima firimbi usoni. Endeleeni kunywa kahawa, nakuja.)

Ndipo kioo cha nyuma cha lile gari kikateremka kidogo, nusu tu, na sauti ya kikongwe ikatoka ndani, taratibu kabisa:

"Mejumaa, mwanangu, huyo bwana amekwisha kusema?"

Watu wakacheka. Na yule mama, Bi Mejumaa, akaniambia yale aliyokuwa akijaribu kuniambia tangu mwanzo. Hajawahi kufika shule hii maisha yake yote. Alikuwa amelala kwa dada yake hapa Ukunda ili amchukue mama yao ampeleke Msambweni kupasuliwa jicho, maana madaktari wa macho wamekuja kwa siku chache na kikongwe huyu amengoja zamu yake miezi mingi, na dada yake alipopatwa na homa asubuhi ile yeye akaombwa ampitishe mpwa wake shuleni na kumpa mwalimu dawa zake za pumu mkononi. Alisimama getini kwa sababu hakujua kuna uwanja. Mama yake hawezi kushuka wala kuachwa mbali, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, haoni ila mwanga.

Magari meupe Ukunda ni mengi kama chawa, na mimi, dereva wa miaka yote ile, sikuwahi kusoma nambari ya lile ninalolitafuta.

Hapo nilitaka ardhi ipasuke, lakini nikajikaza nikasema basi mama, yaishe, naondoa, nikatia mkono mfukoni kwa heshima zangu zote. Mfuko mtupu. Mfuko wa pili, mtupu. Koti la kung'aa halina mfuko. Nikainama kwenye dirisha la kigari changu nikauona ufunguo unaning'inia pale pale penye kuwashia, na milango yote imefungwa, vioo vimepandishwa. Ule mkono wa mtu aliyeshinda.

Kijana mmoja wa bodaboda, hawa waliotoka bara, akauliza, "Mzee, ufunguo iko wapi?" Akachungulia mwenyewe, kisha akawatangazia wenzake, na habari ikapita kichochoro kizima mpaka barabarani, na magari yaliyokuja nyuma yakaanza kupiga honi, na sasa yamejaa, tuktuk, pikipiki, gari la mikate, hakuna anayeingia wala anayetoka, na mimi ndiye msimamizi wa magari, nimevaa koti la machungwa ili nionekane vizuri.

Tulijaribu waya, ukakatika. Tulijaribu rula ya mwalimu. Ufunguo wa akiba alikuwa nao mwanangu Athumani, yuko kazini hotelini na simu yake imezimwa. Nikamwambia Bi Mejumaa atafute tuktuk, akasema mama yake hawezi kutikiswa njia nzima hadi Msambweni, na akatazama saa yake, na nikamwona machozi yanamlengalenga. Alisema kwamba wasipofika kabla majina hayajamalizika kusomwa, zamu inapewa mwingine, na hajui madaktari watarudi lini. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

Ni Katana aliyesema tukibebe. Wale vijana wa bodaboda wakacheka kisha wakaona kuwa hasemi mzaha, wakaweka pikipiki zao, wakazunguka kigari changu, na wazazi wengine wakakunja mikono ya mashati, na mimi nikashika nyuma. Tukanyanyua. Kilinyanyuka, wallahi, kikaenda kando nusu hatua, tukakishusha, tukapumua, tukanyanyua tena, na mara hii ya pili nikasikia kitu kimelia kra, na nikajikuta nimerudi nyuma mpaka ukutani nimekumbatia bampa la gari langu mwenyewe, na gari limekwenda na wenzangu. Hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Walikuwa wameketi chini kwa kicheko.

Lakini njia ilipatikana, na Bi Mejumaa akageuza gari lake kuelekea barabarani. Tatizo ni kwamba mbele ya lile gari jeupe bado kulikuwa na kichochoro kizima kilichojaa magari, na kila dereva anasema aliye nyuma yake arudi kwanza. Basi nikatupa bampa, nikatia firimbi mdomoni, nikakimbia. Nilikimbia mbele ya lile gari nikipiga makofi juu ya maboneti ya watu, huyu rudi, huyu ingia mtaroni, huyu panda ukuta kama unaweza, kandambili moja ikabaki kwenye changarawe sikuirudia, na nikafika lami nikasimama katikati ya barabara kuu nimenyoosha mikono, nimezuia matatu na lori, mpaka lile gari jeupe likapinda kushoto likashika njia ya Msambweni. Kwenye kioo cha nyuma niliona boksi la tishu lililovikwa kitambaa cha waridi cha kufuma. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona. Sikujua kama watafika kwa wakati. Nilikaa chini ukingoni mwa lami na mguu mmoja mtupu, na hapo ndipo jasho liliponiingia machoni.

Mngedhani mkasa umekwisha. Ungekwisha ningekuwa nimewahadithia zamani.

Ijumaa ya wiki iliyofuata tulikuwa na safari ya Gazi. Athumani alikuwa amepata mchumba, msichana anaitwa Saumu, wanafanya kazi pamoja, na kaka yangu Juma na shangazi walikuwa wamekwenda mara ya kwanza kubisha hodi, wakapokewa vizuri, wakaambiwa sasa aje baba mtu mwenyewe. Baba yake Saumu ni marehemu, yupo mjomba na mama. Tukaswali Ijumaa, tukavaa kanzu, tukapanda kigari changu, bampa nimelifunga kwa kamba ya katani, tukaenda. Athumani alikuwa amekaa nyuma, anajipangusa viganja kwenye magoti. Kijana wangu huyu hajawahi kuniomba kitu tangu mama yake afariki, na hili aliniomba.

Tunapinda kuingia uani naliona gari jeupe. Mnajua Ukunda na Gazi magari meupe ni mengi, nikajituliza. Kisha nikaona kitambaa cha waridi nyuma ya kioo.

Sikusimama. Nilipita ile nyumba kama siijui, Juma ananiuliza vipi, nikaenda kuegesha nyuma ya duka moja huko mbali, mahali ambapo hata mbuzi hapiti, nikawaambia ni adabu, tusiwazibie watu uwanja wao. Nikaomba miwani nyeusi ya Athumani nikavaa, nikasema macho yananiuma. Nikashusha kofia. Nikamwambia Juma aongee yeye yote, mimi koo limekauka.

Tukapokewa na mjomba, tukaketi barazani, na mama yake Saumu, ndiye yule yule Bi Mejumaa, akatoka na buibui lake lile lile kutusalimu. Alipofika kwangu aliitazama ile miwani, akasema karibu baba, akaingia ndani. Nikamshukuru Mungu, nikaona hakunijua. Juma akasema maneno yake mazuri, mjomba akajibu, kila kitu kinakwenda, mpaka mjomba akageuka akasema kuwa wangependa pia kusikia neno la baba wa kijana kwa kinywa chake mwenyewe.

Nikasema. Nilitoa kisauti chembamba, cha chini, kama mgonjwa anayeomba maji. Nilifika kwenye "tumekuja kwa heshima" nikasikia kiti kinavutwa nyuma ya pazia la mlango, na ile sauti ya taratibu.

"Sema kwa sauti yako, bwana. Ile ya getini."

Athumani alinitazama, na ule mtazamo siusahau. Nikavua miwani. Nikawaeleza wote pale, mjomba, Juma, mwanangu, niliyoyafanya, bila kutaja mtoto aliyeponea wala gari la mtu mwingine, kwa sababu hivyo vilikuwa visingizio, na nikasema nimemvunjia heshima mama mtu mzima mbele ya watu na mama yake akisikia, na kama ni kukataliwa nikataliwe mimi, kijana hakuwepo.

Bi Mejumaa akatoka akasimama mlangoni. Alisema amenijua tangu nilipopita na gari kwenda kulificha nyuma ya duka, na alikuwa ndani anajiuliza mwanawe ataishije kwa baba mkwe anayegombeza watu kabla ya kuwasikiliza, na alikuwa anangoja aone kama nitasema mwenyewe.

"Hukusema mpaka mama alipokuumbua," aliniambia. "Hilo nimelihesabu. Lakini siku ile ulitukimbilia mbele mpaka lami, na tukafika jina la mama likiwa ndilo linalosomwa. Hilo nalo nimelihesabu."

Kisha pazia likafunguliwa na yule bibi akatolewa ameshikwa mkono na Saumu, mdogo, amevaa leso mbili, jicho moja bado jekundu lakini wazi. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, akaniita nisogee. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake akanitazama kwa karibu sana, uso mzima, masikio, mpaka kidevu, kama mtu anayechagua nazi sokoni.

"Kumbe mdogo hivi," akasema. "Kwa sauti ile nilidhani ni jitu."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka. Juma akafuata, Saumu akajificha uso kwa mtandio, na Bi Mejumaa alijaribu kujizuia akashindwa, na mimi bado nimepiga magoti pale nilisikia kitu kizito kikinitoka mabegani, kitu nilichokuwa nimekibeba tangu ile Jumanne bila kujua uzito wake. Alikuwa anaona. Kikongwe wa watu alikuwa anaona, na mimi sikuwa nimemnyang'anya. Hata wangetukataa siku ile, ningerudi nyumbani nikalala usingizi.

Hawakutukataa. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukasoma fatiha, na tulipokuwa tunarudi Athumani ndiye aliyeendesha, na tulipokaribia Ukunda akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka akasimamisha gari kando, na mimi nikamwacha acheke.

Yule mwenye gari jeupe la kweli nilimpata wiki iliyofuata. Safari hii nilikwenda dirishani, nikagonga kidogo, nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, ndipo nikamweleza kuhusu uwanja. Kijana wa watu alisema hakujua kama unaruhusiwa, akaniomba radhi, na tangu siku hiyo anaegesha huko na kutembea na mwanawe. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai, na sasa nimejiwekea nadhiri kuwa sitafungua kinywa changu kwa dereva yeyote kabla sijamwona uso na kumsikia anakwenda wapi.

Harusi ni baada ya Ramadhani, inshallah. Wamekwisha kuniuliza kama nitasimamia magari ya wageni, nikawaambia watafute mtu mwingine. Mimi siku hiyo nitakaa ndani karibu na bibi, nitanyamaza, nitakula pilau yangu.